Miezi mitatu ya kozi ya uandishi wa habari na matangazo Tanga: uzoefu wangu

Kazi yangu ni bajaji ya matangazo. Ukikaa Ngamiani au Makorora umeshanisikia hata kama hunijui: spika mbili juu, flashi moja ndani, leo msiba, kesho mechi ya uwanja wa Mkwakwani, keshokutwa duka jipya la vifaa vya umeme. Miaka sita nimesoma maneno ya watu kama walivyoniandikia kwenye karatasi, na mengi yameandikwa ovyo. Kwa hiyo nilipoona bango la kozi ya jioni, uandishi wa habari, redio, matangazo na uhusiano wa umma, nilipiga simu palepale barabarani, madereva wa nyuma yangu wanapiga honi.

Jina la chuo silitaji. Nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na Tanga mji mdogo, Ijumaa tunakutana msikitini.

Ada ni Sh 180,000, unalipa kwa mikupuo miwili. Madarasa matatu kwa wiki, saa 11 na nusu jioni mpaka saa 1 na nusu usiku, katikati tunatoka kuswali Magharibi, na Jumamosi asubuhi kuna somo la matangazo. Tulianza 19 tukamaliza 11. Feni lipo, halizunguki.

Habari na redio tulifundishwa na mama mtu mzima aliyestaafu utangazaji, tukimwita Bi Mwalimu. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alituuliza tu, gazeti la Kiswahili lilianza kutoka lini hapa Tanga? Mmoja akasema baada ya uhuru, mwingine enzi za Mwingereza. Akatuambia kuna gazeti likiitwa Kiongozi, lilikuwa likitoka kwenye shule ya serikali ya Wajerumani papa hapa mjini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wasomaji wa mbali bara walikuwa wakiliandikia barua za habari za kwao. "Basi asije mtu akaniambia kuandika habari ni kazi ya watu wa Dar," akasema, kisha akatutuma Deep Sea.

Kila mtu aende soko la samaki alfajiri, arudi na habari ya aya tatu. Mimi nilirudi na hii, nikaiona imekaa kiredio hasa:

"Imeelezwa kuwa suala zima la kuadimika kwa dagaa katika soko la Deep Sea jijini Tanga limekuwa ni changamoto kubwa kwa wafanyabiashara pamoja na wananchi kwa ujumla."

Bi Mwalimu akaisoma kwa sauti, polepole, darasa zima linasikia.

"Imeelezwa na nani, mwanangu?"

"Na mama mmoja muuza dagaa, Bi Mwalimu."

"Kakwambia nini?"

Nikamwambia, mama kasema ni mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang'aa, dagaa hawana haja ya kuifuata taa, vyombo vinalala pwani, na ndoo chache zilizopo zinagombewa.

"Sasa mbona mwezi umeuacha hukohuko baharini?"

Akachukua kalamu nyekundu. "Bei ya dagaa soko la Deep Sea imepanda karibu mara mbili wiki hii kwa sababu ya mbalamwezi." Yangu ilikuwa na maneno 26, haina bei wala sababu. Yake maneno 17, na vyote vimo. Kama kozi ingeishia siku ile ningesema nimeshapata nusu ya ada yangu.

Kuanzia hapo akatupiga marufuku: "imeelezwa", "suala zima la", "kwa ujumla", na juu ya yote "wametakiwa". Jaribu siku moja kuhesabu ni habari ngapi zinaanza na "Wananchi wametakiwa". Mimi nilijaribu asubuhi moja nikinywa chai, vidole vya mkono mmoja havikutosha. Alivyotufundisha, mgeni rasmi kuwataka watu jambo fulani si habari, kila mgeni rasmi huwataka watu jambo. Tafuta kitakachobadilika kwa mtu wa Duga au Mwanzange baada ya mkutano ule, hicho ndicho kiende juu. Ile piramidi iliyopinduliwa, kubwa mbele na dogo nyuma, wengi tuliikariri tangu zamani bila kujua kazi yake. Yeye alituonyesha kwa mkasi: ukurasa ukijaa, mhariri hukata kuanzia mkiani, basi ukiweka jambo lako mkiani umelipeleka kwenye takataka mwenyewe.

Redio ndiyo iliyonipata zaidi. Kitini tulichopewa kilisema tangazo la sekunde 30 ni maneno 75. Nikaandika 75 kamili, la duka la mbao, nikasimama mbele kusoma na simu inahesabu. Sekunde 43. Nikaambiwa nisome tena kwa haraka, nikasoma kama dalali wa mnada: 37, na mate yamekauka. Mwenzangu akapata 41. Ndipo Bi Mwalimu akakitazama kile kitini upya, akacheka. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na hesabu ya maneno ikatafsiriwa nayo! "Hatutawauzia" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno sita. Tukafanya jaribio jioni nzima, kila mtu na tangazo lake, tukafika kwenye maneno 50 hadi 55 kwa msomaji asiyekimbia. Hiyo namba naitumia mpaka leo, na sijaiona imeandikwa kwenye kitini chochote.

Mengine ya redio nilikuwa nayajua kwa mwili bila kuyajulia sababu. Sentensi moja pumzi moja. Mtaje msemaji kwanza, halafu alichosema, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kuangalia ni nani. Shilingi 247,350,000 zisomwe "zaidi ya shilingi milioni mia mbili arobaini na saba", zilizobaki waachie wahasibu. Nikawachangia la kwangu: kwenye spika ya barabarani "thelathini" na "themanini" ni mtu na nduguye. Niliwahi kutangaza viatu vya elfu thelathini, watu wakasikia themanini, mwenye duka akakaa siku nzima anapunga nzi. Tangu hapo nasema bei mara mbili, ya pili kwa vipande: elfu thelathini, kumi tatu. Bi Mwalimu akaliandika hilo kwenye daftari lake mwenyewe. Nilijisikia mkubwa.

Sasa somo la matangazo. Mwalimu wake alikuwa akitoka Dar, na wenyeji tunavyosema Tanga ni waja leo waondoka leo, yeye aliutimiza msemo: anaingia na basi la Ijumaa, Jumamosi mchana keshaondoka. Kijana mwerevu, nguo safi, kompyuta nzuri. Akatupa AIDA, ile kanuni ya Wamarekani ya tangu mwishoni mwa karne ya 19: mshitue mtu ageuke, mpe hamu, mtie tamaa, msukume atende. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mifano. Jumamosi nne mfululizo tumetazama matangazo ya televisheni ya soda na ya kampuni za simu, yenye wachezaji na ndege ya kupigia picha, na darasani mwenye mtaji mkubwa ni muuza mbao.

Nikamwambia, mwalimu, mimi bajaji yangu ikienda mwendo wa pole, mtu aliyesimama mlangoni kwake ananisikia vizuri sekunde kumi, kumi na mbili hivi, kisha nimepita. Hawezi kusubiri nimshitue, nimpe hamu, nimtie tamaa. Kwa hiyo kitu, mahali na siku lazima virudi kila baada ya sekunde kumi, popote atakapoanzia kusikia avikute. Hilo tunaliandikaje? Akasema hayo ni matangazo ya mtaani, akaendelea na slaidi.

Dada mmoja anayeuza khanga aliumia kuliko mimi. Yeye alisema wateja wake huikunjua khanga wakasoma jina kwanza, rangi baadaye, na jina likiwa halina makali khanga hulala dukani hata iwe nzuri vipi. Mstari mmoja, maneno matano au sita, na mwanamke anatoa pesa. Kama hapo hapana somo zima la kuandika tangazo, sijui liko wapi. Ilipita vilevile.

Uhusiano wa umma ulikuwa wiki tatu, ukafundishwa na afisa uhusiano aliye kazini. Nilitegemea usingizi, nikakosea. Zoezi lake bora lilikuwa taarifa ya kukatika maji. Akatupa ya kutunga yenye aya nne, inaanza "Menejimenti inapenda kuwataarifu wateja wake wote" na inamalizia kwa kuomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza, saa na mitaa vimejificha aya ya tatu. Sisi tukaishusha mpaka hapa: "Jumanne maji hayatatoka Makorora na Msambweni, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Chota mapema." Akaongeza jambo ambalo sikulijua: kwenye taarifa, andika na namba ya mtu atakayepokea simu kweli, maana mwandishi akipiga asipojibiwa ataandika kwamba hamkupatikana, na msomaji ataelewa mmejificha.

Likaja la bahasha ya pesa wanazopewa waandishi. Jumatatu Bi Mwalimu katuambia mwandishi anayengoja bahasha mlangoni mwa mkutano ni kanjanja hata akiwa na kamera ya milioni tano. Jumatano afisa uhusiano akatufundisha bajeti ya mkutano na waandishi, na mstari wa nne ni "nauli ya waandishi". Darasa likaangua kicheko. Naye hakuona haya: akasema asipoiweka hawaji, na waajiri wengine hawawapi hata ya daladala. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga. Ningependa chuo kiwakalishe hao wawili chumba kimoja.

Lalamiko langu kubwa ni la cheti. Siku ya mwisho ndipo tunaambiwa kuna Sh 30,000 ya cheti nje ya ada, haikuwa kwenye fomu. Halafu bango linasema "uwe mwandishi wa habari". Kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mwandishi anatakiwa awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kazi hiyo, na karatasi ya miezi mitatu haikupi ithibati hiyo. Bi Mwalimu alitueleza ukweli huu wazi, ila wiki ya tano, pesa tumeshalipa. Wawili kati ya walioacha waliacha wiki hiyohiyo.

Kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama una duka, unasoma matangazo, unaandikia taasisi taarifa zake au umepewa kipindi kwenye redio ya jirani, nenda, na ukae mbele kwa Bi Mwalimu. Kama unataka kitambulisho cha uandishi, tafuta stashahada. Jumamosi nenda kwa hiari yako.

Kwangu kilichobadilika ni kwamba sisomi tena karatasi ya mteja kama ilivyo. Nakaa naye dakika kumi, namwandikia, namsomea, natoza Sh 5,000 juu ya bei ya kuzunguka, na wengi wanalipa. Cheti bado kiko kwao ofisini. Ile elfu thelathini, kumi tatu, nilinunulia betri ya spika.