Semina kuhusu wanamuziki wa Hekalu la kale la Yerusalemu, Kiembesamaki, Unguja: nenda asubuhi, mchana kaa nyumbani

Kama unapiga ala kwenye kikundi chochote, iwe kwaya, taarabu au kidumbak, kipindi cha asubuhi cha semina hii kinastahili shilingi 20,000 wanazotoza. Cha mchana nitakisema huko chini, na sitakisema sana.

Mie ni mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) na ni Muislamu. Alienialika ni mpiga fidla mwenzangu, ambae Jumapili huimba kwaya. Nabii Daudi na Zaburi yake tunawajua tangu chuoni, lakini namna watu wa muziki walivyopangwa kwenye ibada ya Waisraeli sikuwahi kusomeshwa.

Mwalimu hakuhubiri. Alishika chaki akachora nyumba tatu, yaani koo za wanamuziki: Asafu na wana wanne, Yeduthuni na sita, Hemani na 14, pamoja na mabinti watatu. Wana wote 24, kila mmoja na zamu yake ya watu 12, jumla 288. Yamo katika Biblia, Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 25. Mzee mmoja wa nyuma akauliza: sasa nani alitangulia? Ikapigwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Ya kwanza ikamwangukia Yusufu wa nyumba ya Asafu. Ukumbi ukaripuka kwa kicheko. Waliokaa kwenye vikundi vyetu wanajua vita vya nani akae kiti cha mbele, na hakuna aliewahi kufikiria kura.

Jengine lililonikaa: viongozi wenyewe, Asafu, Hemani na Ethani (anaedhaniwa ndie yule Yeduthuni), ndio waliopiga matoazi ya shaba, vinanda vya nyuzi na vinubi wakapigiwa na wengine. Mpiga dumbak (ngoma) wetu, tuliekwenda nae, alijinyoosha kwenye kiti akanikonyeza. Tangu siku ile hatusikilizi.

Lakini utamu ulikuwa kwenye riziki. Waimbaji wale walikaa vyumbani Hekaluni na kusamehewa kazi nyengine, kwa sababu zamu yao ilikuwa usiku na mchana. Chakula chao kilitoka kwenye zaka za watu. Zaka ilipokatika, wakati wa Nehemia, liwali wa Yuda, Walawi (ukoo wa watumishi wa Hekalu) na waimbaji waliacha kazi, kila mtu akakimbilia shamba lake. Nehemia akawagombeza wakubwa, akawarudisha watu mahali pao, na nafaka, divai na mafuta yakaletwa tena ghalani, chini ya watunzaji walioaminika. Hapo nilimwona mwimbaji mmoja wa kike, mtu mzima, akiandika kwa kasi mpaka kalamu ikamkatikia wino. Sisi tunaishi kwa tunzo: bibi harusi akifurahi, noti zinamiminika, asipofurahi, unarudi na daladala ya kukopa.

Kasoro ipo kwenye karatasi waliyogawa. Mwalimu kwa mdomo alitenganisha vizuri: kitabu cha Mambo ya Nyakati kiliandikwa baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni Babeli, na wataalamu wengi wanaona kinaakisi pia utaratibu wa Hekalu la pili; na hesabu aliyotutajia ya waimbaji wasiopungua 12 jukwaani, na vinubi visivyopungua tisa, inatoka kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo za Kiyahudi, iliyokusanywa karibu mwaka 200, Hekalu likiwa limeshabomolewa tangu mwaka 70. Karatasi imeyamwaga yote chungu kimoja, kama kwamba Daudi ndie alieyapanga siku moja. Aliekosa asubuhi akasoma karatasi tu atatoka na picha ya kombo.

Mchana, baada ya pilau (nzuri, kachumbari haba), wakaleta kinanda cha umeme eti tusikie sauti ya kinubi cha kale. Spika ikapiga mluzi, kijana akabonyeza sauti moja baada ya nyengine, na hakuna alietwambia anajuaje kwamba ndivyo kilivyolia. Wangetuachia wapiga udi na kanuni waliokuwemo ukumbini, tungejaribu kugawana zamu kama wale 24, na tungejifunza zaidi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Viti ni vya plastiki na feni ni moja, basi wahi upande wa dirishani. Nasikia wanataka kuipeleka Chake Chake. Wenzetu wa Pemba, waulizeni kwanza kama mtu anaweza kulipia nusu siku.