TAHADHARI: Maiki feki za kamera zinauzwa Mombasa ndani ya boksi la RØDE

Wapiga video wenzangu wa Mombasa, Kilifi, Diani, na nyinyi wa Lamu mnaoagiziwa vifaa kwa basi: kama kuna anayepanga kununua maiki ya kamera kwa yule bwana wa ghorofani nyuma ya Moi Avenue, aliyesifiwa kwenye grupu letu la vifaa mpaka ikawa ukimtilia shaka unaonekana mchawi, asimtumie hata shilingi moja. Amenilia elfu thelathini na nne zangu. Na pesa si kitu, pesa hutafutwa. Ameniaibisha mbele ya familia ambayo nimewapigia harusi tangu mkubwa wao hadi huyu kitinda mimba, watu wanaoniita mwanangu. Jina lake siliandiki kwa sababu jambo limeshafika kituoni, lakini wenye kumjua mshamjua.

Maiki yangu ya zamani iliishia kule Malindi. Mfungo Mosi umeingia, harusi zimefuatana kila wikendi, na mimi sina maiki ya juu ya kamera. Kuna watakaouliza kwa nini sikutegemea zile za kubana kifuani. Ninazo na ninazitumia. Lakini harusi zetu mnazijua: bwana harusi keshavishwa kanzu na joho, wazee wamemzunguka, nani atakuruhusu umpapase kifua utafute pa kubania waya? Hapo inayokuokoa ni maiki ya juu ya kamera, basi.

Na sikwenda dukani kubahatisha. Nilikuwa nimeshachagua. VideoMicro ya RØDE ni nzuri kwa mtu anayejirekodi karibu, haina betri, inakula umeme kidogo wa kamera yenyewe, lakini ukisimama nyuma ya safu za watu haikufikishi. Sennheiser MKE 600 ni maiki ya maana, ila ni ndefu, na sauti yake ni ndogo kwa hizi kamera zetu, unalazimika kupandisha sauti kwenye kamera na hapo ndipo ule mchakacho unapoingia. MKE 400 mpya niliitamani, ina hadi tundu la hedifoni. Nikaamua VideoMic Pro+ ya RØDE, kampuni ya Australia, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ina swichi ya kuongeza desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ndani ya maiki yenyewe, kwa hiyo kamera unaishusha chini kabisa na sauti inakuja safi. Ya pili ni chaneli ya usalama: upande mmoja unarekodi kawaida, upande wa pili unarekodi desibeli 10 chini. Aliyewahi kurekodi vigelegele vya kina mama wa Mombasa ndani ya ukumbi wa bati anajua maana yake. Upande mmoja ukipasuka, wa pili umenusurika.

Sasa sikizeni alivyonifanya.

Nilipanda ngazi zake baada ya adhuhuri. Duka ni la heshima, kabati za vioo, lenzi zimepangwa kwa ukubwa, kijana ananiletea kahawa na kashata kabla sijasema shida yangu. Akaniita shekhe. Nikamwambia ninachotaka, na yeye ndiye aliyeanza kunifundisha: "Usinunue maiki kwa sauti, nunua kwa ukimya wake. Sikiza kelele ya chini wakati hakuna anayezungumza." Jamani, tapeli gani huzungumza hivyo? Hayo ni maneno ya mtu wa kazi, maneno ambayo mimi mwenyewe nawaambia vijana wangu.

Akatoa maiki kabatini, akaifunga juu ya kamera yake, akanivisha hedifoni. Akafungua dirisha. Chini makondakta wanaita feri, feri, feri, pikipiki zinapiga honi, mtu anauza madafu. Akaigeuza kamera ielekee ndani. Zile kelele zikarudi nyuma, zikawa mbali kabisa, na sauti yake imesimama mbele yangu. Akabonyeza swichi ya kukata mvumo wa chini, ile ya hezi 75, kisha ya 150, nikasikia kiyoyozi kinapotea. Kisha akatembea hadi mwisho wa ukumbi, akanipa mgongo, akasoma Alhamdu kwa sauti ya chini. Nikaisikia herufi kwa herufi. Mtu anasoma Fatiha ili akuibie! Hilo ndilo linalonitoa usingizi mpaka leo, si zile pesa.

Ile niliyoisikia ilikuwa maiki halisi, na wizi wenyewe uko hapo. Anayo moja ya kweli, na kila mteja anasikilizishwa hiyo hiyo. Nilipokubali bei, akaingia chumba cha nyuma akarudi na boksi jipya limevishwa nailoni, stika ipo, rangi ni zenyewe. Nikaanza kupenyeza ukucha kwenye nailoni, akanishika mkono kwa upole, kama kaka. "Shekhe, ukiipasua hapa waranti inakufa. Kaifungue nyumbani, uiandikishe mwenyewe kwa wale wa Australia." Nikataka kulipa kwa tili, ile namba ya M-Pesa ya duka, akasema tili ina matatizo tangu asubuhi, tuma kwa hii namba. Jina lililotokea ni la mwanamke. Mke wangu, akasema. Akaniandikia risiti kwa mkono, kwa hati nzuri.

Msije kuniambia ningefungua. Mtu umeinywa kahawa yake, umemsikia anasoma, watu unaowaamini kwenye grupu wameweka picha zao wameshika boksi hilo hilo, leo umvunjie heshima umpasulie bidhaa mbele yake? Hatukulelewa hivyo, na yeye anajua hatukulelewa hivyo. Ndiyo biashara yake.

Nyumbani niliijaribu. Chumbani, usiku, mimi na kamera, umbali wa mkono mmoja. Ilitoa sauti nzuri tu. Na hili nataka wadogo zangu mnaoanza kazi mlielewe: karibu, ndani ya chumba kimya chenye pazia na godoro, maiki yoyote inasema vizuri. Umbali ukizidi mara mbili, sauti unayoitaka inashuka desibeli 6 hivi, lakini kelele za feni na za watu haziendi popote. Pale ndipo maiki ya kweli inapojitenga na feki, kwa sababu ya kweli inasikia mbele na kuzipunguza za ubavuni. Bomba lake lina matundu marefu ubavuni, sauti za pembeni zinaingia kwa kuchelewana na zinauana zenyewe kwa zenyewe. Feki haina hilo. Inasikia pande zote sawasawa.

Ikaja nikaha. Msikiti wa Mji wa Kale, feni zote zimewashwa, watu wamejaa hadi barazani. Nimesimama mita tatu nne kutoka kwa shekhe. Nikavaa hedifoni hotuba ilipoanza, nikahisi baridi mgongoni. Feni tupu. Mzee mmoja nyuma yangu anakohoa, anasikika kuliko shekhe. Nikabonyeza swichi ya mvumo, hakuna kilichobadilika. Nikaongeza zile desibeli 20, kikapanda kitu kimoja tu, mchakacho, shiiii mtindo mmoja. Mbele siwezi kusogea, wazee wameshakaa. Kutoka siwezi. Na ijabu na kabuli, yale maneno ya kuozesha na kukubali, haisemwi mara mbili kwa ajili ya kamera. Bwana harusi alijibu kwa sauti ya chini, kama wanavyojibu wote, macho chini, mkono ndani ya mkono wa mkwewe. Kwenye rekodi yangu midomo inacheza na feni linavuma. Baba yake alikuwa Jeddah, hakuwahi kufika, alikuwa anaisubiri video hiyo kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Nimewarudishia pesa zao zote. Hawakuzidai. Mama mtu alisema, "Si kitu mwanangu, Mungu hajapenda." Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu wa Mwembe Tayari aifungue. Matundu ya bomba ni mapambo, nyuma yake kumefungwa plastiki. Kile kidude kinachosikia ni kidogo kama cha simu, cha kununua kwa gunia. Swichi ya mvumo haina waya hata mmoja, inabonyea tu na kuwasha taa. Nikarudi ghorofani. Hanijui. Ananiangalia machoni anasema hajawahi kuniuzia kitu, risiti ile si ya duka lake, na namba ile si yake. Kijana wa kahawa amesimama pale pale, anatazama sakafu. Meseji ya M-Pesa niliipeleka kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, nikaambiwa kwenye akaunti ile hakuna kitu. Zilishatolewa siku ile ile.

Mtu huyu anastahili kufungwa, na sisemi kwa hasira tu. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ipo tangu 2008: anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa sokoni, au vyote viwili. Nataka vyote viwili. Nataka kabati zile za vioo zibebwe na karandinga, na zile boksi zichomwe watu wakiona. Nataka wale waliomsifu kwenye grupu waseme walilipwa nini, kwa sababu nimewatafuta kwa simu na nusu yao hawashiki. Mvuvi akiuziwa nyavu mbovu anajua siku ya kwanza baharini. Sisi tunajua wakati mtoto wa watu keshaozwa.

Dalili? Zipo, naziandika kama ninavyozikumbuka. Bei kwanza: VideoMic Pro+ ilipotoka 2017 iliuzwa dola 299, na kwa dola ya shilingi 129 hiyo inapita elfu 38 kabla ya usafiri na ushuru. Yeye ya elfu 34 alisema imeingia kwenye begi la ndugu yake kutoka Dubai. Uzito: kampuni imeandika gramu 122, yangu nilipoiweka kwenye mizani ya sonara haikufika hata mia. Maiki halisi ukichomoa waya kwenye kamera inajizima yenyewe, hii inaendelea kuwaka mpaka betri ife. Washa ile chaneli ya usalama, piga kofi, tazama mistari miwili ya sauti kwenye kioo cha kamera: kama inapanda sawa kushoto na kulia, umeuziwa plastiki. Na namba ya mfululizo. Hii muhimu. Nilipojaribu kuiandikisha kwenye tovuti yao ilikataa, nikadhani ni intaneti. Kumbe rafiki yangu wa Bamburi aliyenunua kwake ana namba hiyo hiyo, tarakimu kwa tarakimu.

Na nyinyi mnaonunua kwa mtu mwingine yeyote, isikilizeni ile ile mtakayoondoka nayo, si nyingine. Muuzaji akiogopa nailoni ikatwe mbele yake, ondokeni, hata kama kahawa hamjaimaliza. Simameni mbali nayo, izungukeni kamera mkihesabu moja hadi kumi, sauti ikifika ubavuni lazima ififie. Lipeni kwa tili yenye jina la duka. Upepo wa kusi umeanza, wengi mnatafuta na yale manyoya ya kuzuia upepo, nayo pia anayo, msichukue chochote kwake.

Aliyenunua maiki pale ghorofani mwaka huu, hata kama bado hajaona tatizo, afungue boksi lake leo na aitazame ile namba. Ikiwa inaishia na 417, ni ndugu ya yangu. Asitupe boksi, asifute meseji ya M-Pesa, asirudi kugombana naye peke yake. Nimeandikisha taarifa kituoni, na nimeambiwa malalamiko yakiwa mengi na vielelezo vikiwepo, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia nayo inaingia. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa Treasury Square, kwenye bustani, na boksi langu na vile vipande vya fundi ndani ya mfuko. Njooni na vyenu, tutoke hapo pamoja. Wa Lamu na Kilifi msioweza kufika, nitumieni picha ya namba na ya meseji, nitazichapisha nizibebe.