Uzoefu wangu na SpikerBox: kusikiliza neva za mguu wa mende

SpikerBox ni amplifaya (kikuza ishara) ndogo ya betri iliyobuniwa na kampuni ya Backyard Brains ya Marekani ili wanafunzi warekodi ishara za umeme za neva bila mitambo ghali ya maabara. Nimeitumia kufundishia biolojia sekondari, na naona thamani yake kubwa ni kwamba inamlazimu mtu kufikiri kabla ya kutafsiri anachokisikia.

Maandalizi ni mepesi. Mende mkubwa wa kahawia, huyu wa majumbani, hutiwa katika maji ya barafu mpaka atulie kabisa, kisha hukatwa mguu mmoja ambao huchomwa pini mbili zilizounganishwa na kifaa. Ukigusa miiba ya mguu huo kwa kijiti, spika hualika kama chumvi iliyotiwa motoni, na kwenye kioo cha simu iliyounganishwa na kifaa huonekana vilele vyembamba vya umeme.

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Wanafunzi hutarajia kwamba mwiba ukisukumwa kwa nguvu zaidi, kilele cha neva yake kitarefuka. Kumbe vilele hubaki na kimo kilekile, ila hufuatana kwa kasi zaidi, jambo ambalo Edgar Adrian, mwanasayansi Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alilionyesha katika neva za chura. Tena, mwiba ukishikiliwa ulivyopinda, mlio huanza kwa wingi kisha hufifia ingawa msukumo haujaondoka, kwa kuwa neva hiyo huripoti badiliko kuliko hali inayodumu. Kwangu, hakuna mchoro wa kitabuni unaolieleza hilo vizuri hivyo.

Tahadhari inahitajika, kwani pini hunasa neva nyingi kwa pamoja: kilele kirefu kinachochomoza katikati ya vifupi huenda ni cha neva nyingine iliyo nene zaidi au iliyo karibu na pini. Umeme wa majumbani nao, ambao kwetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), huingia kwenye rekodi kama mawimbi yanayolingana. Basi chaja ichomolewe, na kisichobadilika mguu unapoguswa kisihesabiwe kuwa ni neva.

Nyungunyungu pia anafaa, maana nyuzi zake nene za neva huonyesha tofauti kati ya kuguswa kichwani na mkiani, lakini ningeshauri shule ianze na mende, kwa sababu nyungunyungu anapojinyonganyonga umeme wa misuli yake huifunika rekodi.