Uzoefu wangu: Sabato moja kwa Abayudaya wa Mbale, na hadithi niliyorudi nayo Bukoba

Nimerudi juzi kutoka Mbale, Uganda, na kabla sijasahau nawaandikia nyie mnaouliza kama ile wikiendi ya hadithi kwa Wayahudi wa kule inalipa au ni kupoteza hela tu. Inalipa. Ila kuna mambo ya kujipanga nayo, ntayasema yote.

Kwa asiyewajua, Abayudaya ni watu wa mashariki ya Uganda kule chini ya mlima Elgon wanaofuata dini ya Kiyahudi, jina lenyewe ni la Kiganda na maana yake ni Wayahudi, basi. Makao yao makubwa ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, ndio kwenye ile sinagogi yao mpya iliyofunguliwa 2016. Mi nilichukua kifurushi cha siku mbili kupitia wakala mmoja wa utalii Kampala (jina naliacha), ndani yake kulala kwenye nyumba ya wageni, chakula cha Sabato na kukaa na mzee wa kusimulia historia yao. Hicho cha mwisho ndio kilichonitoa Bukoba.

Tulifika Ijumaa alasiri, jua bado lipo. Mzee tuliyepangiwa alikuwa amekaa barazani, kofia ndogo ya uzi iliyofumwa kwa mkono kichwani, nami kwa mazoea nkamwambia shikamoo mzee, habari za hapa. Akanyamaza. Yani alinyamaza kiasi kwamba nilijua nimekosea kitu ila sijui nini. Mjukuu wake akaniambia pembeni kwamba kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili ni lugha ya askari, ndio lugha waliyokuwa wanaamrishwa nayo enzi za Amin, bunduki ikiwa mbele. Roho iliniuma kwakweli. Nkaendelea na Kiingereza na Kiganda changu cha kuokoteza (sisi Wahaya tunakisikia kidogo), nikampa kahawa ya kutafuna niliyobeba kutoka nyumbani, akafungua ule mfuko wa majani ya mgomba, akachukua punje moja akaitia mdomoni, akatabasamu, akasema mwanyi. Kwao pia ipo. Kuanzia hapo tukaelewana.

Usiku wa Ijumaa sitausimulia sana kwa sababu ni wa kusikia sio kusoma. Wanaimba Zaburi kwa Kiebrania alafu Kiganda kinaingia katikati, sauti za akina mama zinapanda, watoto wanajua maneno yote kuliko watu wazima. Nyimbo zao zilisharekodiwa na mwaka 2005 ziliteuliwa kuwania Grammy, sa nimeelewa kwanini. Baada ya hapo ni divai kidogo, mkate wa kusuka, chakula kilichopikwa mchana maana jua likishazama hakuna kuwasha moto.

Sasa hadithi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana mzee akaanza, na hakuanza na Ibrahimu kama nilivyotegemea, alianza na Semei Kakungulu. Huyu alikuwa jemadari wa Kiganda, Waprotestanti walimfundisha kusoma Biblia, akawasaidia Waingereza kuteka hii mashariki yote akiamini watamwachia aitawale, wakawa wanampunguzia eneo kidogo kidogo mpaka akaona ametumika. Akarudi kwenye Biblia yake. Akawa anasoma vitabu vya Musa na kuuliza kwanini hawa waliotuletea kitabu wenyewe hawakifuati, kwanini Sabato wameiacha, kwanini tohara wameiacha. Akaambiwa tohara ni mambo ya Wayahudi. Akasema basi kama ni hivo sisi ni Wayahudi, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanae. Mtu mzima wa miaka hamsini hivi, jemadari. Mwaka 1922 akaandika kitabu cha sala na sheria kwa Kiganda, kurasa 90, ili watu wake wawe na kitu cha kushika. Alifariki Novemba 24, 1928, kaburi lake lipo hukohuko Mbale.

Kitu kilichonishika ni jinsi mzee alivyosimulia. Alisema "mwaka 1919 tulitahiriwa". Tulitahiriwa! Yeye alikuwa hajazaliwa, hata baba yake sidhani. Alafu dakika chache baadae akasema "tulipokuwa Misri" kwa sauti ileile, kama mtu anavyosema tulipokuwa tunaishi Jinja. Nkamuuliza, mzee, lakini nyie hamsemi kwamba mmetokana na yale makabila ya Israeli yaliyopotea, sasa Misri mlikuwa vipi? Akakubali kabisa, hawadai damu, wao walisoma wakachagua. Akamtuma mjukuu alete Biblia, akanionyesha kitabu cha Kutoka, sura ya 13, pale mzazi anapoagizwa amweleze mwanae kwanini wanaadhimisha Pasaka, na kidole chake kikasimama chini ya neno moja. Mzazi hasemi Bwana aliwatendea babu zetu. Anasema alinitendea mimi, nilipotoka Misri. Mzee akasema hapo ndipo Uyahudi unapokaa kwake, kwenye hiyo mimi. Anayesimulia hadithi kama ni yake, akaibeba na sheria zake na njaa yake na aibu yake, huyo ni wa hiyo nyumba. Mwaka 2002 walipokuja marabi kutoka nje na watu wakazamishwa majini kupokelewa rasmi, yeye alikubali kwa heshima, ila anasema alikuwa anathibitisha kitu alichokuwa nacho tangu anyonye.

Mi nimekulia kanisani, Pasaka nimeadhimisha maisha yangu yote na hiyo sura nimeisikia sijui mara ngapi. Hilo neno sikuwahi kuliona.

Ndipo akafika kwa Amin. Alivyochukua nchi 1971 dini yao ilipigwa marufuku, sinagogi zikafungwa, watu wakawa wanasali kwa kujificha. Mtu akikutwa na kitabu cha Kiebrania anakamatwa, kuna mzee wao mmoja aliyekamatwa familia ikamkomboa kwa mbuzi watano. Wengi wakaona bora waingie Ukristo au Uislamu wapone, sio wa kulaumiwa. Kutoka watu kama 3,000 wakabaki kama 300. Mzee alikuwa kijana, anakumbuka mama yake anawasimulia habari za Farao kwa kunong'ona, taa imezimwa, na kila akitaja Farao wao watoto walikuwa wanajua anamsema nani.

Alafu akaacha Kiganda. Akanigeukia mimi, akaongea Kiswahili. Kiswahili cha zamani, kizito, akasema, "Halafu wakombozi wakakuja."

Bakombozi. Ndivyo Waganda walivyowaita wanajeshi wa Tanzania mwaka 1979. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi letu Aprili 11, siku ya Jumatano, na jioni ya siku hiyohiyo jua lilipozama ndio ulikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi. Nilivyofika nyumbani nikatafuta kalenda ya mwaka ule, ni hivohivo alivyosema. Usiku ambao kila Myahudi duniani amekaa mezani anasimulia jinsi alivyotoka utumwani, hawa watu wakasikia kwenye redio kwamba Amin ametoka. Mzee anasema hawakuwa na divai, hawakuwa na chochote, walikuwa na hadithi tu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kuisema kwa sauti.

Nililia, sioni haya kusema. Sisi tunatoka upande wa Kyaka. Daraja la Kagera lilivunjwa na jeshi la Amin 1978, bibi yangu alikimbia na godoro kichwani, na baba mdogo alikuwa kwenye jeshi lililovuka mto likaenda mpaka Kampala na kupita. Hajawahi kutusimulia hata siku moja. Ukimuuliza anasema vita ni vita, anatoka nje kuangalia ng'ombe. Na hapa nipo kilomita mia kadhaa kutoka kwetu, mtu nisiyemjua ananisimulia baba yangu mdogo kwenye hadithi ya kutoka Misri.

Na hapohapo ndio honi ikapigwa getini. Hili ndilo lalamiko langu na nataka msomaji alizingatie. Wakala alipanga gari la kunirudisha Jumamosi saa tisa alasiri, katikati ya Sabato, dereva anapiga honi mpaka watu wanatoka nje. Mtu unayeuza wikiendi ya Sabato unashindwaje kujua Sabato inaisha saa ngapi? Pia hakuniambia kwamba simu na picha ni mwiko kuanzia Ijumaa jioni, nilitoa simu ndani ya sinagogi nirekodi wimbo, mama mmoja akaushusha mkono wangu taratibu bila kunigombeza, niliona aibu. Nikamrudisha dereva, nikalala usiku wa ziada kwa hela yangu na wakala hajanirudishia mpaka leo. Ushauri wangu, wasiliana na wenyeji moja kwa moja, basi za Kampala kwenda Mbale zipo, ukifika bodaboda wote wanajua Nabugoye. Beba nguo ya heshima, beba sweta, usibebe chakula chako kutoka nje maana wana sheria zao za jikoni, uliza kwanza. Kahawa ya kwao nunua, wana ushirika ulioanzishwa 2004, Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja.

Chumba ni cha kawaida, kisafi, maji ya moto yalikuja siku moja kati ya tatu. Kama unataka hoteli hutofurahi. Kwa hadithi nawapa nyota tano na kama zingekuwepo saba ningetoa saba, wakala nampa moja.

Jumamosi usiku zilipoonekana nyota tatu wakafunga Sabato, wakapitisha manukato tunuse, mshumaa uliosukwa ukazimwa kwenye divai, chsss, moshi ukapanda, na kila mtu akatakia mwenzake wiki njema. Nikawasha simu nikampigia baba mdogo. Nikamweleza yote, mzee, mama aliyekuwa ananong'ona, ile Jumatano. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani salio limeisha. Alafu akaniuliza, "Hao watu walikuwa wanasali kwa siri sisi tukipita?" Nkasema ndio baba. Akasema Kampala siku ile alikuwa na njaa sana, na kuna mama alimpa ndizi za kuchoma, hakumwona uso vizuri. Akasimulia kama dakika ishirini. Mpaka salio likaisha kweli.

Jana kaniuliza Pasaka yao mwakani inaangukia tarehe ngapi, na kama pale mpakani Mutukula wanavukisha kwa kitambulisho au mpaka uwe na pasipoti.