Manjano au chai ya kijani: kipi kimfae mwanamichezo kijana?

Siku ya pili baada ya mazoezi makali ndiyo mbaya. Kijana anashuka ngazi kashika ukuta, mapaja yamekaza kama ubao. Maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na hapo ndipo vidonge vya mitishamba hupata wateja.

Kwa maumivu yenyewe, manjano naipa nafasi ya kwanza. Tafiti ndogo kadhaa za kukumini, kiini hai cha manjano, nyingi kwa watu wazima, zimeona nafuu kiasi. Shida ni kwamba utumbo huifyonza kwa taabu, ndiyo maana watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha ufyonzwaji ukipanda kwa asilimia 2,000. Nguvu hiyo ina gharama: wapo walioumia ini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari.

Chai ya kijani kikombeni haina neno. Dondoo lake kwenye kidonge ni habari nyingine: mwaka 2018 mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilitahadharisha kuhusu ini kwa kipimo cha miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kiini kikuu cha chai hiyo. Tena kuna kafeini, na misuli ya asiyelala haiponi vizuri.

Kwa aliye chini ya miaka 18 ningeacha vidonge vyote viwili. Manjano na chai ya kijani ni vioksidishaji-pinga, yaani huzima kemikali kali ambazo mwili huzitoa wakati wa mazoezi; lakini kemikali hizohizo ndizo huuambia mwili ujijenge baadaye. Na vidonge vya kopo vikiwa vimechanganyika na dawa iliyopigwa marufuku michezoni, anayefungiwa ni mtoto.