Kabla Hujalipia Programu ya Video za Dansi, Kata Sekunde za Mwanzo

Rekodi 63 za mazoezi ya dansi, miezi saba, alama zaidi ya elfu moja za maneno nilizozibandika kwenye video ndani ya huduma ya kulipia. Niliziweka moja moja, usiku, mwili ukiwa umechoka: "nane ya tatu, hesabu ya 5, mguu wa kushoto unachelewa", "hapa pumzi kabla ya kuruka", "nafasi kati ya wawili hawa ni ndogo mno". (Nane kwetu ni kundi la hesabu nane.) Halafu nikafanya jambo ambalo kila mhariri hulifanya. Nikaanza kukata sekunde za mwanzo, zile ambazo watu bado wanatafuta nafasi zao na mtu anasogeza spika. Kwenye rekodi ya kwanza zilikuwa sekunde 18.

Video ikasogea, alama zikabaki kwenye saa ileile. Alama ya "ananyanyuliwa" sasa ilimwonyesha mchezaji aliyekwisha kutua, mgongo kwa kamera, akifuta jasho. Nilipowaandikia wenye huduma kuomba walau faili la maandishi la alama zangu, wakanijibu kwamba alama ni sehemu ya huduma na hazitolewi nje. Malipo ya mwaka yalipoisha sikuyarudia, na mlango ukafungwa. Video ninazo. Alama hazipo.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia vichujio vya rangi, maandishi yanayoruka, wala ubora wa 4K. Programu karibu zote siku hizi zinavifanya vizuri vya kutosha. Mimi naangalia kitu kimoja: alama zako zinakwenda wapi picha inaposogea, na zinakwenda wapi wewe unapoondoka.

Kupima ni kazi ya dakika kumi, na ifanye kipindi cha majaribio kabla hujatoa namba ya kadi. Chukua rekodi ya dakika mbili. Weka alama kumi, kila moja na maneno yake, na moja iweke pale mguu unapogusa sakafu, si kabla wala baada. Kata sekunde tano za mwanzo. Rudi kwenye ile alama ya mguu. Ikiwa mguu uko hewani, umeshapata jibu. Kisha tafuta namna ya kuzitoa alama zote kama maandishi ambayo programu yoyote ya kawaida inaweza kuyafungua. Picha ya skrini haihesabiki, na video yenye maneno yaliyochomewa juu yake haihesabiki.

Chaguo langu la kwanza ni DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ya Blackmagic Design, na sifichi kwamba naipendelea. Haikai kwenye kivinjari; unaipakua, na inataka kompyuta yenye nguvu kiasi. Toleo la bure linamtosha mchezaji kabisa, na la Studio hununuliwa mara moja badala ya kulipiwa kila mwezi. Ukibonyeza herufi M, alama imewekwa. Hapo tulia kidogo, maana kuna alama za aina mbili. Ukiwa umeichagua klipu, alama inashikamana na klipu na kwenda nayo popote unapoihamishia. Ukiwa hujachagua chochote, inashika mstari wa muda (ule ambao klipu zako zote hupangwa juu yake), nayo hubaki ilipo usipowasha mpangilio wa kuzisogeza alama pamoja na mkato. Mimi huuwasha siku ya kwanza na kutumia alama za mstari wa muda, kwa sababu hizo ndizo zinazotoka nje kama faili la EDL, na EDL ni maandishi matupu.

Usishtuke ukiona alama ya sekunde ya 12 imeandikwa 01:00:12:00. Mstari wa muda wa Resolve kwa kawaida huanza saa moja kamili, na unaweza kuubadilisha uanze sifuri. Idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde ipange kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, maana mstari wa muda ukishakuwa na klipu, haibadiliki.

Kila alama ina jina, nafasi ya maelezo na rangi 16 za kuchagua. Nyekundu kwangu ni kosa la muda, bluu ni nafasi jukwaani, kijani ni kilichokaa sawasawa. Kijani usikiache. Ukiandika makosa peke yake, ukikaribia onyesho hutajua kipi cha kulinda.

Ya pili ni ELAN, na wachezaji wengi hawajawahi kuisikia. Ilitengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia huko Nijmegen, Uholanzi, kwa ajili ya watafiti wa lugha na ishara za mikono. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Sura yake haivutii, wala si ya kuhariri video. Lakini kwa kazi ya alama peke yake sijaona inayoikaribia. Unajenga safu kadiri unavyotaka: safu ya hesabu, safu ya kila mchezaji, safu ya muziki. Alama ya ELAN ina mwanzo na mwisho, na hilo kwa dansi ni jambo kubwa, kwa sababu mzunguko hauna sekunde moja. Unaanza begani na kuishia kwenye kisigino. Faili lake la .eaf limeandikwa kwa XML, ambayo nayo ni maandishi, na linakaa peke yake nje ya video. Ukikata mwanzo, kuna amri ya kuzisogeza alama zote kwa mpigo mmoja. Laiti ningeijua miezi ile saba.

Ya tatu ni Frame.io, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2021. Hii ndiyo ya mtandaoni hasa, na kwa kundi ambalo koreografa yuko mbali na wachezaji inafaa: mtu anasimamisha fremu, anachora duara kwenye kiwiko, anaandika, na wote wanaona. Maoni yanaweza kupakuliwa. Lakini ukipandisha toleo jipya, maoni ya zamani yanabaki kwenye toleo yalikoandikwa, basi hariri kwanza, maoni baadaye. Tena hulipiwa kwa kichwa, na kundi la watu kumi na wawili lina vichwa vingi.

Dartfish na Hudl Sportscode zilizaliwa kwa ajili ya michezo. Zina vitufe vya alama unavyovipanga mwenyewe na alama zinatoka nje vizuri, ila Sportscode inataka Mac, na zote mbili zina mengi ya makocha ambayo hutayagusa. Kama shule yako imeshazilipia, zitumie.

Kuhusu za bure za haraka nitasema machache. CapCut huweka nukta kwenye midundo yenyewe, ila nukta haina maneno. YouTube ina sura za video, yaani vipande vyenye majina, lakini ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10. Kwa muziki wa mapigo 120 kwa dakika, nane moja ni sekunde 4. Sura fupi kabisa basi inameza nane mbili na nusu. Kwa kutazama fremu moja moja, simamisha video utumie kitufe cha alama ya mkato (,) na cha nukta (.). Hapo YouTube inasaidia kweli.

Jambo moja zaidi ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Wengi wetu hugeuza video kama kioo ili tujifunze, na programu haigeuzi maneno. Uliyoandika "kulia" yanabaki "kulia" wakati mguu kwenye picha umekuwa wa kushoto. Andika kwa mguu wa mchezaji mwenyewe, kisha utaje kwenye jina la faili kama limegeuzwa.

Wauzaji wa huduma hizi wananikera, na nitalisema. Ukurasa wa bei unakuonyesha kiasi cha mwezi kwa herufi kubwa, kumbe unakatwa cha mwaka mzima. Kitufe cha kujiunga kiko kila kona, cha kujitoa kimefichwa ndani ya kurasa nne. Wanahesabu gigabaiti, wanahesabu violezo, na hakuna anayeandika mahali pa wazi kama kazi ya macho yako utaondoka nayo. Hata aliye mwaminifu anaweza kufunga: TechSmith iliisitisha Coach's Eye, programu yake ya kuchambua video za michezo, mwaka 2022, na walioitumia wakalazimika kuhamisha vitu vyao kabla ya tarehe ya mwisho. Kutoa alama kama maandishi si kazi ngumu kwa mtengenezaji. Ni orodha ya saa na maneno.

Sasa hivi nazirudisha alama zangu ndani ya ELAN, nikisaidiwa na daftari na kumbukumbu za wenzangu. Nimefika rekodi ya 22. Ile ya "hapa pumzi kabla ya kuruka" nimeipata. Nyingi za kijani bado.