Bustani ya jikoni ya mfalme kule Versailles, jamani msiipite

Watu wengi wakifika Versailles wanaishia kwenye jumba la mfalme, wanapiga picha ukumbi wa vioo halafu haoo wanarudi Paris. Hata mimi mara ya kwanza nilienda na watembeza watalii flani na Potager du Roi, yaani hiyo bustani ya jikoni ya mfalme, hawakuitaja kabisa. Safari hii nikapanda treni ya RER C mwenyewe, na ukitoka kwenye jumba ni mwendo wa kama dakika 10 tu kwa miguu.

Mimi nimekulia Lushoto, mipeasi nimeipanda toka mdogo, ila mpeasi wa namna hii sijawahi kuuona. Mti umebanwa ukutani, matawi yamevutwa kulia na kushoto yakafungwa kwenye waya kama vidole vilivyotanuliwa, unene wake kama shubiri hivi, na matunda yako usawa wa kifua, unachuma bila ngazi. Nikaweka kiganja ukutani, jua lilishaanza kushuka lakini mawe bado ya moto. Ndo siri yenyewe hiyo, ukuta unashika jua mchana, usiku unaupasha mti.

Na hapo zamani palikuwa kinamasi kinachonuka! Mfalme Louis wa 14 alimpa kazi ya kutengeneza bustani Jean-Baptiste de La Quintinie, mtu aliyesomea sheria, wakaanza 1678 wakamaliza 1683, maji yakatolewa na udongo mzuri ukasombwa kutoka kilima cha Satory, hekta kama 9. Alikuwa anatandika samadi mbichi ya farasi wa mfalme, ile inavyochemka yenyewe inatoa joto, juu anafunika vioo, basi mfalme anakula stroberi mwezi wa 3 na asparagasi Desemba, baridi yote ile ya Ufaransa. Tini ndo mfalme alizipenda mno mpaka zikatengewa sehemu yake. La Quintinie akafariki 1688, kitabu chake kikatoka 1690, na wakulima wa Ulaya wakajifunza humo.

Leo ni chuo cha wasanifu wa mandhari lakini bado panalimwa, na mazao yanauzwa hapohapo dukani. Nendeni Septemba, matunda yakiwa yamekolea. Mimi nilichukua mapeasi nikakaa karibu na lile bwawa la katikati, vile viplot 16 vikiwa vimenizunguka, nikampigia mama video nikamsogezea kamera kwenye ule ukuta. Akatazama wee, kisha akaniuliza, "Hayo matawi wanayafunga yakiwa na umri gani?"